Iacheni hiyo friji ivume

Assalam aleikum. Bwana asifiwe kwa wale wa kusifu, na nyinyi vijana wa huko nyuma, mambo vipi. Nimeambiwa niongee kidogo kabla hamjalala kwenye hii mikeka kusikiliza huu mziki wa droni, na kabla sijafungua mdomo nimeona dada mmoja hapa, Mungu ambariki, ameenda kuchomoa friji ya soda ati inapiga kelele. Dada yangu, irudishe tu. Iacheni ivume, nitaihitaji huko mbele.

Mi si mwanamziki, hilo lieleweke mapema. Mi ni fundi wa spika. Mwaka wa kumi na tisa huu nakodisha mitambo hapa Mombasa, harusi, matanga, maulidi, krusedi, na kampeni za wanasiasa ambao wakishinda hawalipi na wakishindwa pia hawalipi. Watu hudhani kazi ya fundi ni kutoa sauti kubwa. Hapana, sauti kubwa hata mtoto atakutolea. Kazi ni kuua mvumo. Ile mmmmm inayokaa chini ya kila kitu, sheikh akishika maiki aseme bismillahi unaisikia imemtangulia. Stima yetu inatetema mara 50 kwa sekunde, sasa ukikosea athi, ule waya wa kwenda ardhini, au ukachanganya soketi ya jikoni na ya sebuleni, ile 50 na pacha wake 100 zinaingia kwa spika na zinakaa humo mpaka mwenye harusi aje kukutazama kwa lile jicho. Nimepigana na huo mvumo miaka yangu yote. Nimelala naujua.

Sasa kuna usiku mmoja tumemaliza harusi Kisauni, saa nane hivi, watu wanapakia viti kwa lori, mi nakunja waya. Mpwa wangu huja kunisaidia wikendi, akaomba achomeke simu yake kwa miksa tusikie kitu wakati tunafungasha. Haya, chomeka. Nikaendelea na waya zangu. Baada ya dakika mbili tatu nasikia mvumo. Nikasema hapa kuna mtu amegusa athi. Nikaenda nyuma ya ampu, nikachomoa, nikapuliza, nikarudisha, upo. Nikabadilisha ekstensheni, upo. Nikazima chaneli za maiki zote, upo tu, na sasa naona kama unakua, unapanda polepole kama maji kujaa, na ndani yake kuna vitu vinatembea, kitu kama mlango wa mbali, kitu kama watu wanaongea chumba cha tatu. Nikaanza kutukana mtambo. Mpwa wangu amekaa juu ya boksi la spika amejishika tumbo anacheka hana mbavu. Mjomba, akaniambia, hiyo si athi. Huo ni wimbo.

Wimbo gani hauna ngoma, hauna mwimbaji, hauna mwanzo? Akanambia tena ni wa Mkenya mwenzako, mtoto wa Nairobi. Nikakaa chini. Tuliusikiliza mpaka ukaisha na ule wa mwisho kwenye hiyo albamu unapita dakika 20, lori limeshajaa, dereva anapiga honi, na mi nimekaa kwenye boksi langu kama niliyepokea habari. Maanake nilikuwa nasikiliza adui yangu wa miaka yote na nikagundua sijawahi kumsikiliza hata siku moja, nilikuwa namuwinda tu.

Hiyo ndo droni. Si ile droni ya kupiga picha za harusi kutoka juu, hiyo nayo ina kelele zake. Droni ya mziki ni sauti moja au chache zinazoshikwa muda mrefu, na jamaa zake wa karibu wanaitwa dak ambienti, ambao wao wanachukua huo mvumo wanaupeleka gizani, mapangoni huko. Sasa mtu atasema sauti moja muda mrefu kuna nini cha kusikiliza hapo. Kuna. Nyinyi mmepanda boti zenye injini mbili? Zikiwa zinaenda karibu sawa lakini si sawa kabisa unasikia wou, wou, wou, ule mpigo wa polepole ambao si wa injini hii wala si wa ile. Hiyo ni hesabu tu, moja ikitetema mara 100 kwa sekunde, ndo Hz 100 hiyo, na nyingine 101 unapata wou moja kila sekunde, ikiwa 100 na nusu unapata moja kila sekunde mbili. Mpigo huo hakuna aliyeupiga. Umezaliwa hapo katikati. Mziki wa droni mwingi umekaa kwenye hilo jambo dogo, msanii anasogeza sauti moja unywele mmoja tu na chumba kizima kinaanza kupumua tofauti, na ukisogeza kichwa chako kidogo, sasa hivi hapo ulipolala, unasikia kitu kingine kuliko jirani yako. Jaribuni baadae.

Na msidhani ni kitu cha kigeni sana hicho. Mpiga zumari wa zamani hapa pwani anapuliza huku anavuta pumzi kwa pua, mashavu yamejaa, sauti haikatiki. Watu walikuwa wanaona ni ustadi wa kustaajabisha tu, kumbe ndo ile ile hamu, sauti isiyokatika.

Huko Marekani kuna mzee anaitwa La Monte Young, amezaliwa 1935 kwenye nyumba ya magogo jimbo la Idaho, na mwenyewe husema mziki wake ulianzia kwa upepo uliokuwa unapita kwenye nyufa za nyumba hiyo na kwa transfoma za stima za kijijini. Transfoma! Mi nimepita chini ya transfoma maisha yangu yote nikiziba masikio. Mwaka 1960 aliandika kipande cha noti mbili tu, na maelekezo yake ni kwamba zishikwe muda mrefu. Basi. Baadae alikuwa na kundi New York, na walipotaka noti ya kuanzia ambayo wote watashikana nayo walichukua mvumo wa stima, kule kwao ni 60 si 50, ule ule wa friji. Ndo nikasema hiyo friji muiache. Ya kwao inaimba karibu na noti wanayoiita B, hii yetu inaimba karibu na G. Nimepima na gitaa. Kenya nzima, Tanzania, Uganda, friji zote ziko karibu na G, hatujijui tu kama tuna wimbo mmoja.

Lakini kama ni kuchagua mtu mmoja wa huu mziki basi mi nachagua mama mmoja Mfaransa, Éliane Radigue, mzaliwa wa Paris 1932. Akiwa bado kijana alikaa karibu na uwanja wa ndege wa Nice na akawa anasikiliza ndege, yaani wengine wanalalamika kelele yeye anasikiliza moja moja. Miaka ya sabini akapata sinthesaiza, mashine ya kutengeneza sauti kwa stima, inaitwa ARP 2500, kabati zima limejaa vifungo, ilikuja na kibodi na kibodi hakuitaka, akaiacha. Fikirieni mtu anunue kinanda akatae vile vya kubonyeza. Yeye alitaka vile vifungo tu, avizungushe pole pole, arekodi kwenye tepu, achanganye tepu kwa tepu, na kosa moja la mkono linaanza mambo upya. Kazi yake kubwa ina sehemu tatu, karibu masaa matatu jumla, alikuwa anaifanya toka miaka ya themanini mpaka 1993, na katikati yake mtoto wake wa kiume akafa ajalini, 1989. Hakuna kilio ndani ya kazi hiyo, hakuna hata neno. Kuna sauti inayobadilika taratibu hivi kwamba huwezi kusema ilibadilika lini. Mi nimefunga mitambo matanga mengi, nasikia watu wakiliwaza kwa maiki, na nawaambia nyumba ya msiba saa kumi alfajiri, wageni wamelala, inasikika hivo hasa.

Haya, giza sasa. Kwa sababu najua wengi mmekuja kwa ajili ya giza.

Kila nyumba hapa ina tangi la maji, yale meusi ya lita elfu na zaidi. Likiwa tupu, kabla hamjalipandisha juu, mtoto gani hajawahi kuingiza kichwa akaita jina lake? Ile sauti inayorudi, kubwa kuliko wewe, inazunguka, haitaki kuondoka, ndo nusu ya dak ambienti hiyo. Mwaka 1988 mama mwingine, Pauline Oliveros, alishuka na akodioni yake kwenye tangi la chini ya ardhi huko jimbo la Washington, tangi la zege lililokuwa la jeshi, yeye na wenzake wawili, na mle ndani sauti moja inachukua sekunde 45 kufa. Arobaini na tano! Mi nikipiga kofi kwenye ukumbi mkubwa wa zege nisikie linarudi sekunde tatu naanza kuomba mapazia. Wao ilibidi wapige noti moja kisha wasubiri tangi liwajibu, yaani tangi lilikuwa mwanamziki wa nne.

Jamaa wa giza walilijua hilo pia. Kuna Lustmord, ni mtu wa Wales, jina lake Brian Williams, alirekodi mapangoni na kwenye makaburi ya chini ya makanisa, akatoa albamu 1990 ambayo watu wa fani hii wakiongea mwanzo wao wanaitaja hiyo. Kuna Mjerumani Thomas Köner yeye anachukua gongi, lile sahani kubwa la chuma la kugonga, hapigi, anasugua, kisha anarekodi ile iliyobaki chini kabisa, unasikia baridi kwenye goti. Sweden kule Linköping kulikuwa na lebo ndogo, yaani nyumba ya kutoa rekodi, toka 1987, Cold Meat Industry, ya mtu mmoja tu na marafiki, na leo lebo kama Cryo Chamber, toka 2012, inaendeshwa na msanii mwenyewe. Hakuna kampuni kubwa hapo. Ni watu chumbani, na pesa ya kodi wanaitafuta kwingine.

Kwa nini unatisha? Nitawapa jibu la fundi. Sauti ya chini, ya bezi, ina mawimbi marefu, ile ya Hz 50 wimbi lake moja ni karibu mita saba, refu kuliko chumba chako cha kulala, kwa hivyo sikio haliwezi kujua inatoka wapi. Na ile mwangwi ndefu inaambia mwili wako kwamba uko mahali pakubwa sana. Sasa uko mahali pakubwa, kuna kitu kinanguruma, hujui kiko wapi, na hakuna ngoma ya kukuambia nini kinafuata. Mwili unafanya hesabu yake wenyewe. Mke wangu siku ya kwanza alinambia zima hiyo unaita wageni, na hakuwa anatania, akachoma ubani. Jirani aliuliza kama pampu ya maji imeharibika. Sikubishana na yeyote. Ila mimi nikikaa nayo dakika kumi ile hofu inageuka, sijui niseme inageuka nini, ni kama ukiingia chumba cha giza, mwanzo huoni kitu halafu macho yanazoea na unaanza kuona kiti, meza, mlango. Giza halijapungua.

Alafu niseme ukweli, maanake kuna vijana watanilaumu baadae. Mziki huu una takataka nyingi. Nyingi sana. Mtu anaweka kitu kizito juu ya kibodi anaenda kula, anarudi anaita albamu, anaweka picha ya msitu wenye ukungu. Namna yangu ya kupima ni hii: sikiliza dakika ya pili, kisha ruka mpaka ya ishirini. Kama ni sauti ile ile kabisa, hakuna mtu aliyekuwa nyumbani. Ikiwa iko tofauti lakini ukiisikiliza yote mfululizo hukumbuki mahali ilipobadilika, huyo ni fundi mwenzangu, mpe salamu.

Turudi kwa yule kijana wa Kisauni, yaani yule tuliyemsikia Kisauni. Anaitwa KMRU, jina lake Joseph Kamaru, na wazee hapa wakisikia hilo jina wameshainua vichwa naona. Ndio, ni mjukuu. Babu yake ni yule Joseph Kamaru wa benga ya Kikuyu, aliyeimba kuhusu kuuawa kwa mwanasiasa J.M. Kariuki, akahangaishwa na serikali kwa nyimbo zake, akafariki Oktoba 2018. Mjukuu amebeba jina la babu, na amekuwa akizirudisha zile rekodi za babu mtandaoni, watu wazinunue, familia ipate chake. Na huku yeye mwenyewe hapigi gitaa la benga, anatembea na kirekodi, anarekodi matatu, mvua, soko, ukuta, kisha anavivuta na kuvilaza mpaka vinakuwa ule mvumo niliodhani ni athi. Albamu yenyewe ni Peel, ilitoka 2020, mwaka ule wote tumefungiwa ndani, lebo ni ya Austria inaitwa Editions Mego, na mwaka huo huo akahamia Berlin kusoma mambo ya sauti.

Na hapa ndo aliponimaliza. Mwaka 2024 alitoa kitu kimoja kirefu, dakika hamsini na kitu, kinaitwa Natur, amekirekodi kwa vidude vinavyonasa mawimbi ya stima, yaani zile sauti za waya na mashine ambazo sikio peke yake halizipati. Anasema alipofika Berlin alishangaa kimya chake, maanake Nairobi usiku stima inasikika, nyaya zinanguruma na wadudu wanaitikia, na mi naongeza, stima ikipotea unasikia mashine zote zimenyamaza kwa pamoja. Sasa niambieni ni nani hapa hajui huo unyamavu. Umelala, feni inazunguka, friji, taa ya nje ya jirani, halafu tap. Hujaona kitu, macho umefumba, lakini umejua. Dakika hiyo ndo unagundua nyumba ilikuwa inaimba. Sisi tunaijua albamu hiyo kabla haijatengenezwa, na ilibidi mtu aende Ujerumani akose stima yetu ndo aturudishie.

Sasa namna ya kusikiliza, haraka haraka kwa sababu soda zinapoa vizuri na naona mnaziangalia. Spika ya simu msahau. Kile kispika kidogo hakina chini, ule mvumo wote wa maana hakitoi hata robo, utasikia upepo tu na utasema mzee alitudanganya. Chukua earfoni, hata za waya za mia tatu zinashinda spika ya simu. Sauti weka ndogo, ndogo kuliko unavyodhani, uweze kusikia nyumba yako kwa chini, viingiliane. Usiusikilize ukiendesha, mi nilijaribu barabara ya Malindi nikajikuta nimepitiliza Mtwapa. Na usianze na ya masaa matatu kujionyesha, anza na dakika kumi usiku, simu umeigeuza uso chini. Bando ikikuumiza, saa moja ya mp3 nzuri kabisa ni kama MB 144, ya kawaida chini ya 60, nenda mahali pa waifai ushushe mara moja ukae nayo mwezi.

Na mnunue. Hili nalisema kama mtu anayedai wanasiasa. Wasanii hawa wengi wako Bandcamp, duka la mziki la mtandaoni, pale ukinunua albamu ya kushusha mtandao unakata asilimia 15 na mengine yanaenda kwa mwenyewe baada ya gharama za malipo, na toka Machi 2020 wameweka Ijumaa fulani fulani ambazo hawakati chao kabisa. Wengine wanaandika taja bei mwenyewe, hata dola moja. Mi hulipa kwa ile kadi ya Visa ya ndani ya M-Pesa, ya GlobalPay, sina benki ya kujivunia. Kuna jamaa mmoja sijui hata sura yake, nilinunua kitu chake cha dola tatu akaniandikia asante ndefu, akauliza Mombasa ni mahali gani, nikamrekodia dakika moja ya feri ya Likoni inapogusa chuma cha ufukweni, lile lango linavyosaga. Kama atalitumia sijui. Ila lango hilo, wallahi, akina Köner wangelipa.

Basi tumefika. Leo tutaanza na KMRU, kisha yule mama wa Paris, sehemu ya kwanza peke yake. Mpwa wangu yuko kwa miksa, athi nimeikagua mwenyewe mara mbili leo mchana, kwa hivyo mkisikia kitu kinavuma jueni kimekusudiwa, isipokuwa kile cha kona ile. Vueni viatu. Anayetaka kutoka atoke tu, hakuna atakayeangaliwa. Kijana wangu, zima taa, na feni pia zima. Friji iache.